Figo kwenye sepsisi: seli nyingi hazifi, zinafunga kazi (uzi mrefu, karibuni)

MtuWaMaabara (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Leo naomba tuzungumzie figo, na hasa kinachotokea ndani ya seli zake mgonjwa anapopata sepsisi, yaani mwili unapoitikia maambukizi kwa ukali mpaka unaumiza viungo vyake wenyewe. Nimesomea baiolojia ya molekuli, sasa niko maabara ya hospitali, na kila wiki vinapita mkononi mwangu vipimo vya kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huisafisha kwenye damu) vya wagonjwa wa aina hii. Inaniuma kuona bado tunawaelezea ndugu zao kwa picha ya zamani.

Picha yenyewe ni hii: maambukizi yanaingia kwenye damu, presha inashuka, damu haifiki kwenye figo, seli zinakosa oksijeni na kufa, mkojo unakauka. Kwa mtu aliyevuja damu nyingi maelezo hayo yana ukweli mwingi. Kwa sepsisi yameacha nje sehemu kubwa ya habari, na ukiyashika peke yake utatibu vibaya.

Uzito wa tatizo kwanza. Makadirio ya mwaka 2017 kwa dunia nzima yalikuwa wagonjwa milioni 48.9 wa sepsisi na vifo milioni 11, yaani karibu kifo kimoja kati ya kila vitano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliokusanya wagonjwa mahututi kutoka nchi 23, ulikuta mshtuko wa sepsisi (sepsisi iliyoshusha presha kwa hatari) ulichangia 47.5% ya figo zilizofeli ghafla. Ndicho chanzo kilichoongoza.

Sasa, kwa nini nasema picha ya zamani haitoshi? Mwaka 2006 kundi la Rinaldo Bellomo kule Melbourne liliwaingizia kondoo bakteria hai aina ya E. coli kwenye mshipa, wakapima damu inayoingia kwenye figo. Damu iliongezeka. Haikupungua, iliongezeka, na papo hapo uwezo wa figo kusafisha kreatinini ukaporomoka. Figo ilikuwa imejaa damu na haichuji.

Kisha mwaka 2013 watafiti wa St. Louis, Marekani, walichapisha walichokiona kwenye figo za watu waliofariki kwa sepsisi. Sampuli zilichukuliwa muda mfupi sana baada ya kifo, kabla tishu haijaanza kuharibika yenyewe. Mtu angetegemea kukuta mirija imekufa kila mahali. Walichokuta ni majeraha ya hapa na pale, na seli nyingi zimekaa mahali pake zikiwa nzima. Ila ukizisogelea kwa hadubini ya elektroni, mitokondria, yaani viwanda vya nishati vya seli, zimevimba.

Duka limefungwa, halijaungua. Hoja yangu kwenye uzi huu ndiyo hiyo, na nitaonesha linavyofungwa.

---

MtuWaMaabara

Naendelea.

Kila figo ina vichujio kama milioni moja. Kwa pamoja figo mbili zinachuja takriban lita 180 kwa siku, halafu mirija inarudisha mwilini karibu zote, unabaki na lita moja na nusu au mbili za mkojo. Kazi kubwa ya kurudisha inafanywa na kipande cha mrija kinachofuata mara tu baada ya kichujio. Mimi nitakiita mrija wa mwanzo. Seli zake zina vijinywele vingi upande wa ndani na zimejaa mitokondria, kwa sababu kusukuma sodiamu kurudi kwenye damu kunakula nishati kupita kiasi. Oksijeni nyingi inayotumika kwenye figo inaishia kwenye kazi hiyo moja.

Bakteria wa kundi la E. coli wamevaa kwenye ngozi yao mafuta yaliyounganishwa na sukari, yanaitwa endotoksini. Vipande vyake vinapita kwenye kichujio na kuingia kwenye mkojo mchanga. Pale kwenye vijinywele vya mrija wa mwanzo kuna kipokezi kiitwacho TLR4. Mwanasayansi Bruce Beutler ndiye aliyeonesha mwaka 1998 kwamba hicho ndicho kinachoitambua endotoksini, na mwaka 2011 akapata Nobeli. Wengi tunajua TLR4 kama mali ya seli nyeupe za damu. Seli za figo nazo zinacho, na zinaitikia.

Majaribio ya panya yameonesha jambo ambalo lilinishangaza. Seli za mwanzo kabisa wa mrija ndizo zinazoimeza endotoksini, lakini zenyewe zinajikinga. Zinazoungua kwa oksijeni kali ni majirani zao wa chini kidogo. Maana yake ni kwamba zile za mbele zinapeleka taarifa ya hatari, na taarifa yenyewe ndiyo inayowaumiza wa nyuma.

Ndani ya seli, TLR4 inaiamsha protini ya NF-kB, ambayo inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za uchochezi: TNF-alfa, interlukini-6 na wenzao. Upande wa pili wa seli, kwenye kapilari (mishipa myembamba kabisa ya damu) zinazozunguka mrija, utando laini wa sukari unaofunika ukuta wa mshipa unachanika. Protini ya angiopoietini-2 inapanda na kulegeza maungio ya ukuta, maji yanavuja nje, seli nyeupe zinanata, chembe za damu zinapita polepole. Nitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa, inamwagwa kwa wingi. Kwa hiyo unaweza kuwa na damu nyingi inayoingia figo kwa jumla, na bado kapilari moja haipati kitu wakati ya jirani imejaa pomoni. Na ile inayopitisha damu polepole inazipa seli za mrija muda mrefu zaidi wa kulishwa sumu hizo za uchochezi.

---

Mwanabaiolojia_Moro

Mkuu umeeleza vizuri. Swali: kama seli hazifi, hiyo "kufunga" inafanyika vipi hasa? Kuna swichi?

---

MtuWaMaabara

Swichi ziko kadhaa, mkuu, na hapa ndipo utamu wa somo ulipo, kwa hiyo nivumilie.

Ya kwanza ni nishati. Seli za mrija wa mwanzo kwa kawaida haziishi kwa glukosi, zinachoma asidi za mafuta ndani ya mitokondria. Kuna protini inaitwa PGC-1alfa ambayo ndiyo msimamizi wa kutengeneza mitokondria mpya. Mwaka 2011 ilioneshwa kwamba kwenye panya wenye endotoksini PGC-1alfa inashuka kadiri figo inavyozidi kushindwa, na inarudi figo inapopona. Panya waliotolewa jeni hiyo kwenye mirija walishindwa kupona sawasawa. Jeni za kuchoma mafuta nazo zinashuka, seli inahamia kwenye kuvunja glukosi kwa njia ya haraka isiyotoa nishati nyingi, na matone ya mafuta ambayo hayajachomwa yanarundikana ndani.

Ya pili ni pampu. Seli isiyo na nishati haiwezi kusukuma sodiamu kama kawaida, kwa hiyo inapunguza visafirishaji vyake. Matokeo yake chumvi nyingi inapita mpaka chini, pale mrija unapokunja na kupita jirani kabisa na kichujio chake. Hapo kuna seli za doria zinazopima kloraidi. Zikiona imezidi, zinatuma ishara mshipa unaoingia kwenye kichujio ubane. Kichujio kinapunguza kuchuja. Ukilifikiria vizuri, hilo ni jambo la busara kwa mwili: lita 180 zikiendelea kuchujwa huku mirija imeshindwa kuzirudisha, mtu angekauka kwa saa chache. Ndiyo maana nasisitiza kwamba sehemu ya kukauka kwa mkojo ni figo kujihami.

Ya tatu ni utengenezaji wa protini. Kundi la watafiti wa Indiana, Marekani, lilichapisha mwaka 2019 kwamba sepsisi ya bakteria inaamsha kwenye figo za panya mwitikio ule ule ambao seli hutumia dhidi ya virusi. Kimeng'enya cha PKR kinabandika fosfati kwenye protini ya eIF2-alfa, na papo hapo mashine za kusoma RNA (nakala ya maelekezo ya jeni) zinasimama. Ujumbe wa RNA upo, umeandikwa, hausomwi. Nikikupimia jeni peke yake naweza kukuambia seli iko bize kumbe haitengenezi kitu.

Ya nne ni mgawanyiko. Seli iliyoumia ikijigawa na DNA iliyoharibika inazaa matatizo, kwa hiyo inasimama kwenye hatua ya kwanza kabla ya kunakili DNA. Protini mbili zinazotoka wakati huo, TIMP-2 na IGFBP7, zinaonekana kwenye mkojo, na kipimo chake kiliruhusiwa Marekani mwaka 2014.

Kundi hilo hilo la Indiana, mwaka 2021, walifuatilia seli moja moja kwa mpangilio wa saa. Waliotangulia kuitikia walikuwa seli za mishipa na za tishu shikizi. Baadaye seli za mirija zikaanza kuwasha jeni za kinga huku zikizima jeni za kazi yao ya kila siku. Kufika saa ya 16 mazungumzo kati ya seli na seli yalikuwa yamekatika karibu kote. Na katika ukimya huo, tayari njia za kujitibu zilikuwa zimeshaanza kuwaka.

---

Kijiti_cha_Ugoro

Panya, panya, panya. Binadamu je? Mimi nimechoka na tiba zinazoponya panya tu.

---

MtuWaMaabara

Hoja ya haki kabisa. Panya huyu anapigwa dozi moja ya endotoksini akiwa kijana mwenye afya, mgonjwa wetu ana miaka 60, ana kisukari, na ameumwa siku nne kabla hajafika hospitali. Ukichukua saa 16 za panya ukazihamisha kama zilivyo kwa binadamu unakosea.

Kwa binadamu kuna kazi ya Berlin ya mwaka 2022, iliyosoma RNA ya kiini kimoja kimoja kutoka figo za wagonjwa mahututi waliofariki wakiwa na figo zilizofeli ghafla, wakiwemo wenye uviko na maambukizi makali ya mapafu. Mrija wa mwanzo ndio ulioguswa zaidi. Hata hivyo wagonjwa hawakufanana, kila mmoja alikuwa na mchanganyiko wake wa seli zilizo kwenye hali tofauti za kuumia. Mimi naona hapo ndipo dawa nyingi zinapokwama. Tunaweka watu hamsini kwenye kapu moja kwa sababu kreatinini zao zinafanana, wakati ndani ya seli mmoja yuko kwenye uchochezi, mwingine ameishiwa nishati, wa tatu ameanza kupona.

---

SistaWodi

Mimi ni nesi. Asante kwa uzi, ila nina swali la kazini. Tumefundishwa mgonjwa wa sepsisi asiyekojoa tumpe maji, maji, maji. Dripu zinapandana. Kwa maelezo yako maji hayasaidii?

---

MtuWaMaabara

Dada, maji yanasaidia pale ambapo mtu kweli amepungukiwa maji: ametapika, ameharisha, hajanywa siku mbili, mishipa imelegea na presha iko chini. Huyo mpe, na mapema. Miongozo ya kimataifa inataja mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa tatu za mwanzo, na toleo la 2021 lenyewe limelipunguza hilo likawa pendekezo dhaifu.

Tatizo linaanza pale mkojo unapotumiwa kama kipimo pekee cha kuongeza dripu. Kama seli za mirija zimefunga na kapilari zinavuja, lita ya tano haiendi kuwasha PGC-1alfa. Inaenda kwenye mapafu, kwenye miguu, na ndani ya figo yenyewe, ambayo imefungwa na ganda gumu lisilotanuka. Ikivimba inajibana yenyewe.

Na hili si la kusoma kwa wenzetu wa mbali tu. Jaribio la FEAST lililoongozwa na Kathryn Maitland, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, lilihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Watoto wa utapiamlo mkali na wa kuharisha hawakuwemo. Waliomwagiwa maji kwa haraka walifariki karibu 10.5% ndani ya saa 48, wasiomwagiwa 7.3%. Zambia, mwaka 2017, kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU, utaratibu wa maji mengi na ya haraka uliishia na vifo 48.1% dhidi ya 33.0% kwa matibabu ya kawaida. Majaribio hayo hayakupima jeni za figo, sitaki kuyabebesha zaidi ya yaliyosema. Lakini kila ninapoona chati ya mgonjwa ambaye miguu imejaa, mapafu yanakoroma na bado imeandikwa "ongeza lita moja, mkojo mdogo", nayakumbuka.

---

SistaWodi

Nimekuelewa. Hiyo ya miguu kujaa nimeiona sana.

---

mamaZuu

Mimi si mtu wa afya. Mzee wetu aliingia hospitali na maambukizi ya njia ya mkojo yaliyopanda. Siku ya kwanza tukaambiwa figo ziko salama, kipimo ni kizuri. Siku ya tatu tukaambiwa figo zimefeli, anatakiwa kusafishwa damu. Sisi familia tukajua kuna dawa wamempa vibaya. Bado nina hasira. Kipimo kinabadilikaje hivyo?

---

MtuWaMaabara

Pole sana mama. Siwezi kuhukumu kilichofanyika wodini bila kuona faili, na una haki ya kuuliza dawa alizopewa. Nikueleze kuhusu kipimo chenyewe.

Kreatinini inatoka kwenye misuli. Figo zikisimama leo saa nne asubuhi, kreatinini haipandi saa nne na nusu, inahitaji kurundikana, na inaweza kuchukua siku moja hadi mbili au zaidi kuonesha ukubwa halisi wa tatizo. Kwenye sepsisi kuna mawili zaidi yanayoificha: utengenezaji wake unapungua wakati wa ugonjwa, na dripu zinaizimua. Kwa hiyo kipimo kizuri cha siku ya kwanza kinaweza kuwa cha kweli kwenye karatasi wakati mirija imeshaanza kufunga. Kilichokosekana, naona, ni mtu wa kuwaambia mapema kwamba namba hiyo ina uchelewevu.

Vipo vipimo vinavyowahi. NGAL ni protini ambayo mirija inaimwaga kwa wingi ikiumia. Kazi yake ya asili ni kuwanyima bakteria chuma, inakamata molekuli wanazozitumia kukiiba. Lakini seli nyeupe nazo huitoa, kwa hiyo kwenye sepsisi inapanda hata figo ikiwa na nafuu. Hiyo TIMP-2 na IGFBP7 niliyoitaja ni nzuri zaidi kwa hilo, ila kwenye hospitali zetu nyingi haipo.

Kilichopo kila mahali ni mfuko wa mkojo. Kigezo kinasema mkojo chini ya nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, kwa saa sita mfululizo, ni figo kuumia, hata kama kreatinini haijatikisika. Mtu wa kilo 70 hiyo ni mililita 35 kwa saa. Simama pembeni ya kitanda, angalia mistari kwenye mfuko: kama saa nane mchana ulikuwa 100 na saa mbili usiku ni 250, huyo ametoa 25 kwa saa. Tayari yuko ndani ya kigezo. Kama ndugu mnaruhusiwa kukaa naye, andikeni hizo namba na saa zake, muwaoneshe wanaozunguka wodi.

---

Baharia_mstaafu

Mkuu, tuambie dawa basi. Nimesoma mahali vitamini B3 inarudisha hizo mitokondria. Na kuna mizizi nauziwa hapa mtaani ya kusafisha figo.

---

MtuWaMaabara

Mizizi usimpe mgonjwa wa sepsisi hata kijiko. Seli za mrija wa mwanzo ndizo zinazomeza na kukusanya karibu kila kinachochujwa, na zikiwa katika hali hii sumu ndogo inatosha kuzimaliza. Antibaiotiki ya jentamaisini inaumiza figo kwa mlango huo huo, inabebwa na kipokezi cha megalini mpaka ndani ya seli. Wakati mwingine inalazimika kutumika, ila kwa kipimo na kwa siku chache. Diklofenaki na ibuprofeni nazo ziachwe, zinazuia prostaglandini, kemikali za mwili ambazo zinashikilia mshipa wa kuingia kwenye kichujio ubaki wazi.

Vitamini B3 ina mantiki, kwa sababu inazaa NAD ambayo mitokondria inaihitaji, na njia ya kuitengeneza iko chini ya PGC-1alfa. Kuna jaribio dogo kwa wagonjwa wa upasuaji wa moyo lililotia moyo. Kwa sepsisi haijathibitishwa, kwa hiyo usinunue kopo ukadhani umepata tiba. Kimeng'enya cha fosfatasi alkali, kinachotoa fosfati kwenye endotoksini ili isitambulike, kilijaribiwa kwenye jaribio kubwa la REVIVAL na hakikupunguza vifo vya siku 28.

Kinachookoa figo leo ni kuumaliza moto unaoiunguza: antibaiotiki sahihi mapema, ndani ya saa moja kama mtu yuko kwenye mshtuko, jipu litobolewe, mawe yanayoziba mkojo yafunguliwe, presha ishikiliwe kwa dawa za kubana mishipa badala ya maji yasiyoisha. Na kusafisha damu kunafanywa pale kuna sababu: potasiamu iko juu, asidi imezidi, mapafu yamejaa maji. Jaribio la STARRT-AKI la mwaka 2020, lenye wagonjwa karibu 3,000, lilionesha kuwahi kuanza bila sababu hizo hakupunguzi vifo, 43.9% kwa 43.7%. Mashine inanunua muda. Seli zinajifungua zenyewe.

---

mamaZuu

Asante. Mzee alitoka, anakojoa vizuri sasa, tumeacha kwenda kliniki. Ni sawa?

---

MtuWaMaabara

Nafurahi kusikia yuko nyumbani, mama. Lakini kliniki msiache. Seli nyingi zinarudi kazini, zinatengeneza mitokondria mpya, zinaziba mapengo kwa kujigawa. Seli chache zinakwama katikati: hazijafa, hazijapona, zinaendelea kutoa ishara za uchochezi kama protini ya VCAM-1, na polepole zinaziita zilizo jirani kujenga kovu. Mgonjwa hahisi chochote na mkojo unatoka vizuri kabisa.

Miezi mitatu baada ya kutoka hospitali apimwe vitu vitatu: kreatinini ya damu, protini kwenye mkojo, na presha. Kama ana kisukari, hicho nacho kiwekwe sawa. Na kila akienda duka la dawa kwa ajili ya maumivu ya mgongo au magoti, aseme kwanza kwamba aliwahi kufeli figo, ili asipewe diklofenaki. Karatasi ya kutoka hospitali kama bado mnayo, nendeni nayo, daktari ataona kreatinini aliyotoka nayo na kulinganisha.